Je, Tumfundishe Kusoma Mtoto Asiyekuja Ibadani?



*Mimi ni mwenyekiti wa vijana katika usharika mmoja wa Vingunguti, Dar es Salaam. Mwaka jana, wakati wa mafundisho ya kipaimara, mwinjilisti wetu aligundua kwamba baadhi ya watoto walikuwa wanakariri Katekisimo kwa kusikia tu. Ukimpa kitabu asome, anainamisha kichwa. Na hao wako darasa la sita na la saba. Tukaanzisha kisomo cha Jumamosi asubuhi kwenye ukumbi wa kanisa, tukapika uji, tukanunua madaftari. Habari zikasambaa mtaani, wakaja watoto zaidi ya sitini: wengine wa Kiislamu, wengine hawasomi shule kabisa, ni wale wanaookota makopo na vyuma chakavu kule machinjioni.*

*Baraza la wazee sasa limesema mtoto anayekunywa uji wetu lazima aonekane Shule ya Jumapili, la sivyo sadaka ya waumini inapotea. Tulipotangaza hivyo, karibu nusu ya watoto hawakurudi. Vijana wa miaka 15 na 16 nao wameacha, wanasema hawawezi kukaa benchi moja na watoto wadogo. Walimu wa kujitolea tulikuwa kumi na wawili, tumebaki wanne. Juu ya hayo, usharika rafiki wa Ujerumani unataka kututumia kontena la vitabu vya Kiingereza. Wanauliza tuna watoto wangapi na wanaomba picha zao. Mchungaji yuko tayari kunisikiliza, ila anataka nimpelekee hoja, si malalamiko. Nisaidie, shangazi.*

*Mwenyekiti wa Vijana, Vingunguti*



Mchungaji wako amesema vizuri, basi nianze na hoja. Sharti la wazee liondolewe. Na liondolewe hadharani, kama lilivyotangazwa, ili mzazi aliyemzuia mwanawe asikie kwa masikio yake. Mtoto akishafundishwa kusoma na kanisa, asidaiwe kitu: si mahudhurio, si kuimba kwaya, si picha.

Ila usiende kwa wazee hao ukiwa umewakunjia uso. Anayesema sadaka isipotee anamfikiria mama anayeamka usiku kuchoma vitumbua na bado anatoa sehemu ya kumi. Wasiwasi huo ni wa haki. Wanachohitaji kuonyeshwa ni kwamba sadaka hiyo haijapotea hata kidogo, na historia ya hiyo Shule ya Jumapili wanayoipigania ipo upande wako.

Waeleze ilianzaje. Mwaka 1780, katika mji wa Gloucester, Uingereza, mchapishaji wa gazeti aitwaye Robert Raikes aliona watoto wa maskini wakizurura mitaani siku ya Jumapili. Siku sita walikuwa viwandani, wengi wao kwenye viwanda vya pini, na hawakuwa na siku nyingine ya kujifunza chochote. Akawalipa wanawake wachache wawafundishe kusoma siku hiyo moja ya mapumziko. Basi Shule ya Jumapili, ilipoanza kuenea, ilikuwa darasa la kusoma. Walikuwepo waumini waliong'aka kwamba kufundisha alfabeti siku ya Bwana ni kuinajisi Sabato. Hata hivyo, kufikia 1831 watoto zaidi ya milioni moja wa Uingereza walikuwa wanahudhuria shule hizo, na wengi hawakuwa na shule nyingine. Mzee akikuambia kisomo si kazi ya kanisa, mweleze hayo kwa heshima.

Hoja ya pili ni ya hapa hapa pwani, na ni nzito zaidi. Enzi za ukoloni shule nyingi zilikuwa za misheni. Mzazi wa Kiislamu aliyempeleka mwanawe huko alijua anaweza kurudi na jina jingine na dini nyingine, na wazazi wengi waliona heri mtoto abaki na Kurani yake chuoni kuliko kumpoteza. Matokeo yake yalionekana wazi nchi ilipopata uhuru: waliosoma wengi walikuwa Wakristo, na manung'uniko juu ya jambo hilo hayajaisha mpaka leo. Ndiyo sababu mojawapo iliyoifanya serikali, kwa Sheria ya Elimu ya 1969, izichukue shule nyingi za mashirika ya dini ili mtoto wa dini yoyote asome bila kuulizwa anasali wapi. Kwa hiyo wazee wenu waliposema uji uende na Shule ya Jumapili, yule baba wa jirani hakusikia sharti dogo la usharika mmoja. Alisikia kile kile alichosimuliwa na babu yake. Usimlaumu kwa kumtoa mtoto. Kwa alivyoyajua mambo, alikuwa anamlinda.

Halafu kuna Maandiko yenyewe. Wazee wanaikumbuka habari ya wale wakoma kumi katika Injili ya Luka. Walitakaswa kumi, akarudi mmoja kushukuru, naye alikuwa Msamaria. Bwana aliuliza wale tisa wako wapi, lakini hakuwarudishia ukoma. Mwombe mchungaji aihubiri habari hiyo Jumapili moja kabla ya kikao cha baraza. Yeye ataifafanua kuliko mimi.

Sharti likishaondolewa, msikae ukumbini mkisubiri watoto warudi. Nendeni wawili wawili nyumba kwa nyumba, mkiongozana na mjumbe wa shina. Muoneni mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Nendeni mkamsalimie imamu wa msikiti wa jirani, mkamweleze mnachofundisha na saa mnazofundisha, na mumuulize vipindi vya madrasa viko saa ngapi ili msigongane navyo. Kama watoto wana madrasa Jumamosi asubuhi, hamisheni kisomo kiwe alasiri. Karibisheni mzazi yeyote aje kukaa nyuma ya ukumbi asikilize. Msalaba ulio ukutani ubaki mahali pake, ninyi ni kanisa na hakuna haja ya kujificha. Lakini vitabu vya Jumamosi viwe vya hadithi za sungura, za safari, za sokoni, na Biblia ibaki kitabu cha Jumapili. Sala ya kuanza walimu wanaweza kuisali wenyewe kabla watoto hawajaingia. Mtoto akiuliza habari za Yesu ajibiwe kwa upole na kwa ufupi, na zaidi ya hapo mzazi wake ajue kwanza.

Sasa tuje kwenye kusoma kwenyewe, maana hapa ndipo naona programu nyingi za makanisa zikilegea. Uji upo, fulana zipo, nyimbo zipo, na baada ya mwaka mzima mtoto bado hawezi kusoma sentensi tatu. Barua yako imeniambia idadi ya watoto na idadi ya walimu, lakini haikuniambia nani anajua nini. Anza hapo.

Mpime kila mtoto peke yake, pembeni, wenzake *wasisikie*, nalisisitiza hilo, kwa sababu mtoto wa darasa la saba aliyeaibika mara moja mbele ya wadogo harudi. Dakika tano zinatosha. Uwe na karatasi nne: ya kwanza ina silabi, ya pili maneno, ya tatu aya fupi, ya nne hadithi ndogo ya kiwango cha darasa la pili. Pale anapokwama ndipo ngazi yake. Kipimo cha namna hii ndicho watu wa mpango wa Uwezo walichokuwa wakipita nacho majumbani Tanzania, Kenya na Uganda kuanzia miaka ya 2009 na 2010, wakiwa wameuiga mfano wa India. Majibu yao ya mwanzo yalishtua wengi: katika kila watoto kumi wa darasa la tatu nchini kwetu, yapata watatu tu ndio walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya darasa la pili. Kwa hiyo watoto wenu wa kipaimara si ajabu wala si wajinga. Walikaa darasa lenye watoto mia au zaidi, wakapandishwa mwaka hadi mwaka, na hakuna aliyepata nafasi ya kusimama karibu na kila mmoja akamsikiliza anasoma.

Nafasi hiyo ndiyo mliyonayo ninyi. Ukumbi wenu uko wazi siku nyingi za wiki, na mna watu wanaoweza kumsikiliza mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Wagawe watoto kwa ngazi za kipimo, msitazame umri wala darasa. Shirika la Pratham la India, lililoanza Mumbai katikati ya miaka ya 1990, ndilo lililoieneza njia hii, na kwa sasa inatumika katika nchi kadhaa za Afrika. Kundi moja lisizidi watoto wanane au kumi.

Kwa kundi la silabi, achaneni na kuitikia kwa pamoja. Mwalimu akisema ba-be-bi-bo-bu na watoto wakapaza sauti, ukumbi unapendeza na asiyejua anajificha humo humo. Onyesha kadi bila mpangilio, mtoto mmoja mmoja asome, kisha aunganishe: ku na ku, ma na ko na po. Kiswahili kinatusaidia sana hapa, kwa sababu kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishazishika silabi, milango mingi inafunguka kwa pamoja. Watakapokwama ni kwenye mbwa, nywa, ng'o, na kwenye dh, th na gh, basi hizo zitengeeni muda wake. Wale wa ngazi ya maneno na aya, mwalimu awasomee kwanza kwa sauti, wasome naye, kisha kila mmoja asome mwenyewe, halafu waandike imla ya sentensi mbili. Na kila Jumamosi mtoto mmoja asimulie kisa chake, hata kama ni cha kuokota makopo. Mwalimu akiandike ubaoni kwa maneno ya mtoto yule yule, na kundi zima likisome. Nimeona watoto wakikishangilia kitabu cha namna hiyo kuliko cha dukani.

Jumamosi peke yake haitoshi. Tafuteni jioni moja katikati ya juma, hata saa moja tu. Baada ya wiki kama nane, rudieni kipimo.

Uji uendelee, na watoto wanywe kabla ya kuanza, kwa sababu mwenye njaa hasikii mwalimu. Asiyekuja na kikombe apewe kikombe.

Vijana wakubwa wana haki ya kuondoka. Kijana wa miaka 16 anayesukuma mkokoteni na kumtunza mdogo wake humwambii akae chini na mtoto wa miaka minane wakasome "kaka kata kuku". Wawekeeni saa yao, jioni baada ya kazi, chumba tofauti, na mwalimu mtu mzima anayejua kufunga mdomo. Wafundisheni kwa vitu vinavyowaumiza kila siku: ujumbe wa muamala kwenye simu, fomu ya leseni ya bodaboda, mkataba wa chumba, maelezo kwenye pakiti ya dawa, hesabu ya kilo za vyuma chakavu ambazo mnunuzi anawapunja kwa sababu hawasomi mizani. Silabi ni zile zile, ila zinaingia kupitia maneno wanayoyahitaji. Wazee wa umri wangu wanakumbuka kisomo cha watu wazima baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima: watu walisoma habari za pamba, za maji, za chakula bora, chini ya miti, makanisani na misikitini. Wakati wa Azimio la Arusha zaidi ya nusu ya watu wazima hawakujua kusoma. Kufikia 1986 takwimu za serikali zilionyesha waliobaki ni yapata asilimia 10. Jambo hili nchi hii imeshawahi kulifanya, tena ikiwa maskini kuliko ilivyo leo.

Wengine kati ya vijana hao bado wana nafasi ya kurudi kwenye mfumo. Upo mpango wa MEMKWA kwa waliokosa elimu ya msingi, unaowapokea watoto na vijana hadi miaka 18. Afisa elimu kata atakuambia kituo kilicho karibu. Na kama kuna binti aliyeacha shule kwa sababu ya ujauzito, mwambie yeye na mama yake kwamba tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu arudi shuleni baada ya kujifungua. Familia nyingi bado hazijui, au zimesikia na haziamini. Mtu wa kanisa anayekubali kumsindikiza hadi kwa mwalimu mkuu amefanya kazi kubwa. Kwa mwalimu mkuu huyo mwende pia kwa ajili ya wale wanaosoma, si kumlaumu, bali kumwambia ni watoto gani mnao na wako ngazi gani. Wengi wanafurahi kupata msaada.

Kuhusu walimu wenu walioondoka, nitakusimulia jambo moja. Mmisionari Mmarekani Frank Laubach alikuwa Lanao, kusini mwa Ufilipino, mwaka 1930, kati ya Wamaranao ambao ni Waislamu. Alitengeneza chati za kusomea kwa lugha yao na akaajiri walimu. Mdororo wa uchumi ukaja, pesa kutoka Marekani zikakauka, akalazimika kuwaambia hana tena mishahara. Chifu mmoja wa Kimaranao ndiye aliyekataa kisomo kife: aliagiza kwamba kila aliyekwisha kujua kusoma amfundishe mwingine. Hivyo njia ya mmoja kumfundisha mmoja, iliyokuja kusambaa duniani kwa jina la Laubach, iliokolewa na Waislamu wenyewe waliokuwa wanafundishwa. Ningependa wazee wenu wakisikie kisa hiki.

Fanyeni hivyo hivyo. Mtoto aliyefika ngazi ya hadithi apewe mwenzake mmoja wa ngazi ya silabi, akae naye dakika kumi na tano kila kipindi. Yeye mwenyewe ataimarika kwa kufundisha. Kisha tafuteni walimu mahali walipo. Kidato cha nne wanamaliza mtihani Novemba, na watakaokwenda kidato cha tano wanaanza Julai. Miezi yote hiyo wako nyumbani, na wengi wangefurahi kuaminiwa kazi. Waulizeni akina mama wa usharika ni nani kati yao alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza kabla ya kustaafu. Mmoja wa hao anaweza kuwafunza vijana wote kwa siku moja namna ya kushika kundi. Wapeni nauli, na chai. Usimwachie mtu mmoja watoto kumi na tano halafu ukashangaa amechoka.

Usalama wa watoto nao usijadiliwe, ni lazima. Mtu mzima asibaki peke yake na mtoto, mlango ubaki wazi, kila anayejitolea afahamike anakotoka na kanisa lake la zamani liulizwe. Mtoto akionyesha dalili za kupigwa au kuchezewa, msilimalizie kwenye kikao cha wazee hata kama anayetajwa ni mtu wa kanisa: pigeni 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto, au nendeni Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inawataka mtoe taarifa.

Limebaki kontena. Ndugu zenu wa Ujerumani wana moyo mzuri, na mjibu kwa shukrani, lakini mjibu kweli. Vitabu vya Kiingereza kwa mtoto ambaye hajamudu silabi za Kiswahili vitakaa kwenye maboksi mpaka mchwa wavipate, na gharama ya kuvitoa bandarini itatoka kwenye sadaka ile ile ya mama wa vitumbua. Waambieni hapa nchini vinachapishwa vitabu vya watoto kwa Kiswahili, na kwamba Mradi wa Vitabu vya Watoto umekuwa ukisaidia kazi hiyo tangu 1991. Waambieni pia zipo hadithi za Kiswahili za kuchapa bure za African Storybook, zinahitaji karatasi na wino tu. Kiasi ambacho wangelipia meli kitanunua rafu, vitabu, kadi za manila, unga wa uji na nauli za walimu kwa muda mrefu.

Picha msitume. Watoto hawa hawajakubali sura zao ziwe bango la kuchangishia pesa ugenini, na wazazi wao, hasa wale mnaotaka warudi, wakisikia picha zilikwenda Ulaya mtakuwa mmefunga mlango tena. Badala yake watumieni jedwali: wangapi walikuwa ngazi ya silabi siku ya kipimo cha kwanza, wangapi ya maneno, ya aya, ya hadithi, na wangapi kila ngazi baada ya wiki nane. Mfadhili makini ataithamini karatasi hiyo. Asiyeithamini, basi ni heri mmejua mapema.

Barua ya Wajerumani inaweza kusubiri hata mwezi. Kikao cha wazee kisisubiri: mwombe mchungaji akiitishe wiki hii, nenda na mwinjilisti aliyewagundua wale watoto wa kipaimara, na aanze kusema yeye.